Samadi, Majivu au Mboji? Somo Tulilolipata Katika Uwanja Wetu



Katika kazi ya uuguzi yapo maneno tuliyoyasema mara nyingi mno hata ulimi huyasema wenyewe. Mojawapo ni hili: "Mama, kula mboga za majani." Tumelisema kliniki asubuhi, tumelisema katika vipindi vya afya vya umoja wa akina mama kanisani, tumelisema hata misibani tukiwa tunaosha vyombo. Ni neno la kweli. Utafiti wa afya uliofanyika nchini kote mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 45 walikuwa na upungufu wa damu. Sisi tunaopokea wazazi usiku tunajua maana ya hesabu hiyo. Mama mwenye damu kidogo akipoteza hata ile kidogo wakati wa kujifungua, hapo ndipo ndugu huanza kukimbia huku na huko wakitafuta mtu wa kujitolea damu.

Lakini leo tunataka kuwasimulia jinsi neno hilo jema lilivyotuaibisha, na jinsi lilivyotupeleka kwenye zizi la ng'ombe kujifunza upya.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali hapa Bariadi. Alikuja kliniki mama mmoja kijana, mimba yake ya pili ikiwa na miezi minne. Tulipompima, damu yake ilikuwa 8.2. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemweleza habari za chakula, na tulipomwuliza amekula nini jana alijibu kwa sauti ndogo: ugali na dagaa kidogo, na chai. Basi tulimkemea. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ni mzembe, na kwamba anamchezea mtoto aliye tumboni. Alinyamaza, akachukua vidonge vyake vya kuongeza damu, akafika mlangoni. Hapo akageuka akasema kwa adabu kabisa:

"Nimesikia, mama. Ila mboga za kiangazi tutazitoa wapi? Sokoni fungu ni la majani saba. Mimi hupita kila siku nyumbani kwenu nikienda kisimani, na hata hapo kwenu naona uwanja mtupu."

Wenzake waliinamisha vichwa. Sisi tulijifanya tunaandika kadi. Kweli, uwanja wetu ulikuwa mtupu. Tulikuwa na ufagio na maua mawili, basi. Mboga tulinunua kwa mshahara, kisha tukamlaumu asiye na mshahara.

Majaribio yaliyotushinda

Jioni ile tulirudi nyumbani tukashika jembe. Tuseme ukweli, hatukulima kwa upendo, tulilima kwa hasira ya kutaka kumwonyesha yule binti.

Tulitengeneza matuta matatu. Jirani anayefuga kuku wa mayai alitupa magunia mawili ya mbolea ya bandani, mbichi, inayotoa harufu ya kuwasha macho. Tukaimwaga yote, tukapanda mchicha siku iyo hiyo. Mchicha uliota baada ya siku tano. Baada ya siku kumi ulikuwa umekauka kama uliomwagiwa maji ya moto.

Kumbe mbolea ya kuku ina nguvu kuliko samadi nyingine za nyumbani. Ikiwa mbichi huunguza mizizi michanga. Yataka ikae kwanza miezi miwili au mitatu ikiwa imechanganywa na majani makavu au pumba, ndipo itumike, tena kwa kiasi kidogo. Sisi wauguzi tunaopima dawa kwa uzito wa mtoto tulikuwa tumempa mtoto mchanga dozi ya mtu mzima!

Mara ya pili tulisikiliza ushauri wa rafiki aliyekulia Bukoba. Alisema kwao majivu ya jikoni ndiyo mbolea. Tukamwaga ndoo nne za majivu katika kila tuta. Safari hii mchicha haukufa, ila ulitoka wa manjano, mishipa ya jani tu ndiyo iliyobaki ya kijani. Na kila asubuhi yule mama kijana alipita na ndoo yake kichwani. Alitusalimu, "Shikamoo mama," wala hakusema neno lolote. Laiti angecheka, tungepata nafuu!

Ndipo tulipomwomba bibi shamba, mshiriki mwenzetu kanisani, aje atazame. Yeye hakutazama majani kwanza. Alichota udongo, akaukanda mkononi, akauliza kama tuna siki au ndimu. Tulimletea siki. Alidondosha matone machache juu ya bonge la udongo, nao ukatoa povu jembamba. Akasema, "Huu ni ibushi. Una chokaa tayari, na ninyi mmeuongezea majivu, ambayo nayo kazi yake ni kama ya chokaa. Majivu yanafaa kwenye udongo wenye uchachu, kama wa Bukoba. Hapa mmemwekea chumvi mgonjwa wa presha."

Akatueleza kuwa umanjano ule ulikuwa njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, lakini udongo wenye chokaa nyingi hukifunga, mmea usiweze kukichukua. Tulitazamana. Kila siku tunawafundisha wajawazito kwamba chai pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na kwamba ndimu au chungwa husaidia mwili kuyachukua. Mchicha wetu ulikuwa na ugonjwa ule ule wa wateja wetu, nasi hatukuutambua.

Ujue udongo wako kwanza

Akina mama, kabla ya kuuliza "mbolea gani ni nzuri?" uliza kwanza "udongo wangu ni upi?" Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili zamani, na kila udongo wakaupa jina lake. Kuna luseni, udongo wa kichanga wa karibu na vilima, mwepesi kulima lakini haushiki maji wala chakula. Kuna ibushi, wa kijivu au mweusi wenye chokaa, ambamo mara nyingi utaona vijiwe vyeupe. Na kuna mbuga yenyewe, udongo mweusi mzito unaonata kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Ukiwa na shaka, chukua chupa yenye mdomo mpana, tia udongo hadi nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho. Mchanga hukaa chini na mfinyanzi hukaa juu. Tabaka lililo nene zaidi litakuambia una udongo gani.

Kwenye luseni tengeneza matuta ya kuzama, ili maji yasikimbie, na weka mboji au samadi nyingi kila msimu, kwa kuwa huko huisha upesi. Kwenye mbuga tengeneza matuta ya kuinuka, ili mizizi isizame katika maji, na utie vitu vya kuulegeza udongo. Vyote viwili vinapona kwa dawa moja, yaani mboji na samadi iliyoiva. Mboji huufanya mchanga ushike maji, na mfinyanzi huufanya upumue.

Tuliyofundishwa zizini

Bibi shamba alipoondoka tulijua tunahitaji samadi iliyoiva, lakini ng'ombe hatuna. Mwezi wa kumi, yule mama kijana alisimama kwenye uzio wetu, akatua ndoo yake.

"Mama, msinikasirikie," alisema. "Kwa baba mkwe kuna zizi la zamani walilolihama. Mvua ikinyesha, pale mlenda na mgagani huota bila kupandwa. Mimi siruhusiwi kuchukua, mali ya zizini ni ya wanaume. Lakini ninyi mkija na baba, mkaomba, hatakataa."

Tulisimama kimya. Kumbe binti huyu alikuwa na jibu tangu siku ile ya kliniki, ila sisi hatukumwuliza, tulimkemea. Tulimwomba radhi pale pale uzioni. Alitabasamu, akasema, "Yamekwisha, mayu."

Jumamosi tulikwenda na baba watoto. Mzee alitukaribisha vizuri, tukaketi, tukaeleza haja yetu. Alicheka mpaka akakohoa. "Nyie mliosoma mnakuja kuniomba mavi ya ng'ombe!" Baba watoto alimweleza taratibu kwamba mkwewe ana upungufu wa damu, na kwamba bustani ikiwa karibu na nyumba yao, mjukuu atakayezaliwa atafaidi. Mzee aliacha kucheka. Aliuliza, "Damu yake ni kidogo kiasi gani?" Tulimwomba binti ruhusa kwa macho, akakubali, tukamweleza mzee. Alikaa kimya kitambo. Kisha akamwita kijana wake afunge ng'ombe kwenye mkokoteni, akasema mkokoteni wa kwanza ubaki hapo hapo kwa ajili ya bustani ya mkwewe, wa pili ndio uende kwetu.

Samadi ile ilikuwa nyeusi, imepukutika kama majani ya chai, haina harufu. Hizo ndizo alama za samadi iliyoiva. Ile iliyolala zizini juani na mvuani miezi mingi hupoteza nguvu kiasi, kwa hiyo chimba uchukue ya chini, na ukiikusanya kwako ifunike kwa majani au turubai. Tulitia ndoo mbili kwa kila mita moja ya mraba, tukaichanganya na udongo wa juu kwa kina cha kiganja, tukafunika kwa matandazo ya nyasi. Mchicha wa tatu ulitoka wa kijani.

Samadi nyingine za kwetu Simiyu

Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba na ng'ombe, kwa hiyo hatuna sababu ya kulia njaa ya mbolea. Hivi ndivyo tulivyojaribu tangu wakati ule.

Mashudu ya pamba yana nguvu nyingi ya kukuza majani, lakini ni ghali na ndiyo chakula cha ng'ombe. Afadhali ng'ombe ale kwanza, nasi tupokee samadi yake. Ukipata yaliyoharibika, kiganja kimoja kwa shimo la nyanya chatosha, ukichanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda.

Pumba ngumu za mpunga, zinazotupwa mashineni, usizichimbie ardhini peke yake. Zinachelewa kuoza, na zikianza kuoza hunyang'anya mimea chakula. Ziweke bandani kwa kuku zichanganyike na mbolea yao, au zichome taratibu ziwe nyeusi kama mkaa, wala zisiwe majivu meupe. Hizo nyeusi huulegeza sana udongo wa mbuga.

Mboji ndiyo mfalme wa bustani ya nyumbani. Mwalimu mmoja aliyeieneza duniani ni Albert Howard, mtaalamu wa Kiingereza. Yeye na mkewe Gabrielle, aliyekuwa mtaalamu wa mimea kwa elimu yake mwenyewe, walifanya kazi India, na kuanzia mwaka 1924 walikuwa Indore, kwenye kituo cha utafiti kilichohusika na pamba, juu ya udongo mweusi unaofanana na mbuga yetu. Walijifunza kwa kutazama wakulima wa kule, na mwaka 1931 Howard alitoa kitabu kuhusu njia yao. Gabrielle hakukiona, alikuwa amefariki mwaka 1930. Hata hapa mkoani, Meatu, kampuni ya bioRe ilianza mwaka 1994 kilimo hai cha pamba, bila mbolea wala dawa za viwandani. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ardhi yetu haiwezi.

Njia ni hii: panga tabaka la mabua na majani makavu, kisha tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi kidogo na udongo kidogo. Rudia mpaka lundo lifike kiunoni. Lowesha liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikitoka kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, geuza lundo lipate hewa. Geuza kila wiki moja au mbili. Kwa joto letu, miezi miwili au mitatu inatosha. Lile tulilolianza mwezi wa kumi tulilitumia baada ya Krismasi.

Neno la muuguzi

Samadi ni kinyesi, tusisahau. Samadi mbichi inaweza kuwa na vijidudu vya kuhara. Nchini Marekani sheria za kilimo hai zinataka samadi mbichi ichimbiwe ardhini siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Sisi ambao mchicha wetu huvunwa kwa wiki nne tu, hatuna njia nyingine ila kutumia iliyoiva vizuri. Kachumbari na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji safi.

Kinyesi cha binadamu usikitie kabisa kwenye bustani ya mboga, hata kama shimo la choo limezeeka. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kuishi ardhini kwa miaka. Na minyoo ya safura hupenya katika ngozi ya nyayo na kunyonya damu. Itakuwa hasara gani, mama apande mchicha wa kuongeza damu huku nyayo zake zikiingiza wanyonya damu! Basi vaa viatu au mabuti bustanini, na mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza apate dawa ya minyoo kliniki. Kamilisha pia chanjo ya pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi.

Tena, chupa na madebe ya dawa za pamba yasitumike kumwagilia mboga, hata yakioshwa mara kumi. Na majivu ya mahali palipochomwa plastiki au betri yasiguse bustani.

Mtini uliohurumiwa

Mwezi wa kumi na mbili damu ya yule mama ilikuwa 10.6. Hatusemi kwamba mchicha peke yake ndio ulioipandisha. Vidonge alikunywa kila siku, dawa ya minyoo alipata, chai aliacha kunywa pamoja na chakula, na mzee baba mkwe alianza kuagiza abakiziwe maziwa. Lakini mboga zilikuwemo, na zilitoka mlangoni pake mwenyewe. Mwezi wa kwanza alijifungua salama mtoto wa kike. Tulimpelekea kanga, naye akatupa mbegu za mgagani.

Katika Injili ya Luka sura ya 13, Bwana wetu alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba uachwe mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi. Tumeusoma mfano huo tangu utoto, na kila mara tulijifikiria sisi kuwa watunza shamba. Siku ile ya mwezi wa nane kliniki tulikuwa mwenye shamba na shoka mkononi. Tulitaka matunda, lakini udongo wake hatukuuliza: anakaa na nani, nani ana mamlaka juu ya zizi, maji anachota umbali gani, mboga anazipata wapi.

Tangu hapo, mama akija kliniki damu yake ikiwa chini, tunamwuliza kwanza habari za nyumbani kwake, ndipo tunasema habari za mboga. Inachukua dakika nyingi zaidi, na foleni hunung'unika. Lakini wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mama mwenzetu, yupo mtu nyumbani mwako unayemkemea kila siku kwa kutozaa matunda: binti, mkwe, dada wa kazi, au hata baba watoto? Kabla ya kusema tena, inama uushike udongo wake. Labda amemwagiwa mbolea mbichi ya maneno makali. Labda anavyo vyote, ila kuna kitu kimevifunga. Mpe mwaka mmoja, na samadi iliyoiva.

Mungu awabariki, na bustani zenu ziwe za kijani.